Battlestar Galactica: Cain au Adama, nani ungempa watu 50,000 wa mwisho?

#1 Mwana wa Raskazone (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Majuma matatu haya nairudia Battlestar Galactica, ile iliyoanza 2003 ikamalizika 2009, si ile ya zamani ya 1978. Kila siku baada ya isha tunakaa sebuleni mimi na mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu aliyepigana Kagera. Tunaangalia epsodi mbili, halafu tunabishana mpaka nyumba nzima imelala. Ubishi wenyewe umenikaa kifuani, ndiyo maana nauleta hapa. Ambaye hajaiangalia na anataka kuionja mwenyewe aishie hapa, maana nitataja mambo mpaka ya mwisho.

Kwa wageni wa hadithi hii: binadamu wanaishi kwenye sayari 12. Maroboti waliowaunda wenyewe, Cylon, wanarudi baada ya miaka 40 ya ukimya na kuzipiga sayari zote kwa mabomu ya nyuklia. Manowari za kisasa zinazimika moja baada ya nyingine, kwa sababu programu ya uongozaji iliyounganisha kompyuta zake imeshachezewa na adui. Inayopona ni Galactica, mkweche wa miaka 50 uliokuwa unastaafishwa ugeuzwe makumbusho. Kamanda wake, William Adama, alikataa katakata kompyuta za meli yake ziunganishwe. Nyuma yake zinakusanyika meli za raia, za abiria na za mizigo, watu kama 50,000. Hao ndio binadamu wote waliobaki.

Rais wao ni Laura Roslin. Alikuwa Waziri wa Elimu, mtu wa 43 katika orodha ya kurithi urais, na wote 42 wa juu yake wamekufa au hawajulikani walipo. Anaapishwa ndani ya chombo cha abiria, na siku hiyohiyo ametoka kuambiwa na daktari kwamba ana saratani ya titi. Adama anataka kurudi kupigana. Mwalimu huyu anamwambia vita vimekwisha, tumeshindwa, kilichobaki ni kukimbia na kuzaa watoto. Adama anakasirika, lakini baadaye neno lile linamwingia, na unaliona likimwingia usoni.

Sasa kuna ubao. Ndani ya chombo cha Roslin umetundikwa ubao mweupe wenye namba ya waliobaki hai. Katika epsodi iitwayo "33", Cylon wanawafikia kila baada ya dakika 33, siku tano mfululizo, hakuna aliyelala. Meli ya abiria Olympic Carrier yenye watu 1,345 inaachwa nyuma, inarudi ikiwa na dalili zote za mtego, na Adama na Roslin wanakubaliana itunguliwe. Mwisho wa epsodi Roslin anapewa habari kwamba mtoto wa kiume amezaliwa. Anarudi ubaoni anaongeza mmoja: 47,973. Zamani nilipoiangalia nikiwa kijana, sehemu ile niliipita tu nikisubiri mapigano. Safari hii niliisimamisha picha pale, nikaitazama ile tatu ya mwisho.

Msimu wa pili inatokea manowari nyingine, Pegasus, mpya na kubwa kuliko Galactica, chini ya Admirali Helena Cain. Cheo chake kinampita Adama, kwa hiyo mara moja msafara wote unaingia mikononi mwake. Watu wanakumbatiana, wanalia kwa furaha. Kisha makamu wake, kinywaji kikiwa kimemlegeza, anaanza kumwaga siri kwa Kanali Tigh, makamu wa Adama. Makamu aliyemtangulia alikataa kuendeleza shambulio lililokuwa linamaliza marubani. Cain akamwomba bastola yake mwenyewe, akampiga nayo kichwani mbele ya chumba kizima cha amri. Baadaye Pegasus ilikutana na meli za raia kama hizi za Roslin. Cain akang'oa injini zao za kuruka, akachukua vipuri, akawapandisha wenye ujuzi kwa nguvu, na familia za waliokataa zikapigwa risasi. Waliosalia wakaachwa gizani kwenye meli zisizoweza kwenda popote.

Ukimsikiliza Cain mwenyewe, kila mstari una hesabu yake. Injini zilihitajika. Fundi alihitajika. Manowari moja ina faida kuliko meli kumi za abiria. Mistari yote inatoka sawa, ila ukifika chini kabisa hakuna tena mtu wa kupigania.

Msimamo wangu ni huu: Cain hakuwa kamanda mbaya zaidi ya Adama kwa silika. Alikosa mtu wa kumwekea ule ubao mbele ya macho. Katika filamu ya "Razor" ya 2007 Adama mwenyewe anakiri kwa mwanawe Lee kwamba yeye alikuwa na Roslin wa kumbishia, Tigh wa kumweka sawa, na mtoto ambaye angelazimika kumtazama usoni. Hao wakiondoka, hajui angekuwa nani.

Mjomba anasema nimekuwa laini. Nyie mnasemaje? Na tafadhali, asitokee mtu akasema ni mambo ya maroboti tu. Tarehe 17 Machi 2009 waliotengeneza tamthilia hii na waigizaji wake wakuu walialikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia haki za binadamu na vita kwa kutumia hadithi hiihii.

#2 Kijana wa Mabawa

Mkuu, uzi mzuri, lakini unamwonea Cain.

Bila Pegasus ile meli ya ufufuo ya Cylon isingepigwa. Kabla ya hapo ukiua Cylon anaamka kwenye mwili mwingine na kurudi akiwa na kumbukumbu zake zote. Cain ndiye aliyekuja na mawazo ya kushambulia. Adama kazi yake ilikuwa kukimbia.

Na umeruka New Caprica. Watu walishuka kwenye ile sayari wakajenga mahema, wanajeshi wakaoa, wakanenepa, manowari mbili zikabaki na mabaharia pungufu. Cylon walipotokea Adama akaruka akawaacha. Kabla ya kushuka ubao wako ulikuwa unasoma zaidi ya 49,000. Waliporudi melini ulikuwa 41,000 na kidogo. Hao ni watu maelfu, mkuu. Chini ya Cain hakuna ambaye angeshuka pale kupanda mboga.

#3 Mwana wa Raskazone

Kaka, hiyo ya New Caprica umenikamata na sikwepi. Ni kosa kubwa kuliko yote aliyofanya Adama, na aliligharamia.

Ila angalia walivyofika pale. Ulikuwa uchaguzi. Baltar, mwanasayansi aliyegombea urais dhidi ya Roslin, aliahidi watu ardhi ya kukanyaga, wakampa kura. Watu wa Roslin waliiba kura, Adama akamkabili, na Roslin akaacha matokeo ya kweli yasimame. Wote wawili walijua kushuka ni hatari. Wangeweza kuwaokoa watu wale kwa kuwaibia kura yao, hawakufanya. Nimelala na swali hilo siku kadhaa, na bado sioni wangefanya nini kingine wakabaki na kitu cha kuita serikali.

Halafu Pegasus iliyowaokoa New Caprica haikuwa ya Cain tena, ilikuwa ya Lee. Aliitoa manowari bora waliyokuwa nayo, akaipeleka kugongana na adui, ili Galactica ipone na raia wapande meli zao. Manowari moja mpya kwa roho za watu wa mahemani. Niambie kwa dhati kama Cain angekubali biashara hiyo.

Nimemsomea mjomba ulichoandika, amekuunga mkono kwa sehemu. Yeye hoja yake ni moto. Siku ya kwanza ya vita Galactica inapigwa, moto unashika ubavuni, na Tigh anaamuru milango ifungwe na hewa itolewe. Wamo watu 85 upande wa ndani. Fundi mkuu, Tyrol, anaomba muda kidogo awatoe, Tigh anakataa. Wanakufa wote, meli inapona. Mjomba anasema yule ndiye askari, na kwamba mwenye kuitisha kikao wakati moto unawaka anaua 85 na wengine wote waliobaki. Anasema Kagera walikuwa na usiku ambao amri ilikuwa neno moja na mtu alilitii kabla hajalielewa. Hataki kuusimulia zaidi ya hapo, nami simlazimishi.

Nakubaliana naye juu ya ule mlango. Lakini angalia Tigh huyohuyo wiki chache mbele. Adama kapigwa risasi, Tigh ameshika usukani, rais yuko korokoroni (na aliyemweka ni Adama mwenyewe, kabla ya kupigwa risasi, tusifiche), na Tigh anatangaza sheria ya kijeshi. Askari wanatumwa kwenye meli ya raia, Gideon, kuchukua mahitaji kwa nguvu. Raia wanawazomea, wanarusha vitu, risasi zinatoka, wanne wanalala. Mtu aliyefunga mlango wa moto kwa haki anatumia mkono uleule kwa watu wenye njaa ya majibu. Pale ndipo karibu theluthi ya meli inaondoka kumfuata Roslin.

Adama alilisema mapema, kwenye epsodi ya maji, Roslin alipoomba askari walinde foleni za mgao. Alikataa kwa hoja kwamba polisi analinda watu na jeshi linapigana na adui wa nchi, na ukilipa jeshi kazi zote mbili, adui wa nchi anaanza kuwa mwananchi.

Sisi tuna kumbukumbu yetu ya hilo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, leo Lugalo, wakidai mishahara bora na maofisa Waingereza waondolewe. Nchi ilikuwa na miaka miwili tu na kidogo. Siku kadhaa haikujulikana nani anatawala, mpaka tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza walipowazima kwa ombi la serikali. Mwalimu Nyerere hakulishona viraka jeshi lile. Alilivunja, na Septemba 1 mwaka uleule likazaliwa Jeshi la Wananchi, likifundishwa siasa pamoja na bunduki. Mtu anaweza kubishana na mengi ya enzi ile, lakini nikiangalia yale maasi ya Gaeta, ofisa wa Galactica, na Zarek, makamu wa rais, kwenye msimu wa mwisho, wajumbe wa baraza wanamiminiwa risasi chumbani, naiona ile wiki ya Januari na namna ambavyo ingeweza kuishia.

#4 Binti Muheza

Naomba nami niingie. Mimi ni mkunga, nakesha wodi ya wazazi, kwa hiyo ubao wa Roslin nauona kwa jicho jingine.

Wote mnaongelea namba inavyopungua. Kwenye msimu wa pili kuna msichana anakimbilia Galactica kutafuta kutoa mimba. Roslin maisha yake yote ya siasa alikuwa upande wa haki ya mwanamke kuamua. Anakwenda kumuuliza Baltar binadamu watadumu vipi kwa mwendo huu, anapewa jibu kwamba wataisha ndani ya miaka si mingi. Na anasaini marufuku. Msichana anaruhusiwa yeye wa mwisho, mlango unafungwa nyuma yake.

Mleta uzi, unasema mwenye ubao ndiye wa kuaminiwa. Hapa ni ubao wenyewe uliomfanya aingie kwenye miili ya wanawake. Hakuna aliyeuliza msafara ule una wakunga wangapi, damu ya kuongezewa iko wapi, mama akishikwa na kifafa cha mimba nani anayo magnesiamu, dawa yake. Wanataka watoto waongezeke, lakini kwa misimu yote minne tunayemwona zaidi ni daktari mmoja, Cottle, anavuta sigara mbele ya wagonjwa. Mimi nikizalisha naandika kwenye rejista: saa, uzito, jinsia, hali ya mama. Safu ya mama ipo. Kwenye ubao wa Roslin haipo.

#5 Mwana wa Raskazone

Dada yangu, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Umesema kweli na sina la kukupinga. Namba ikisimama peke yake nayo inaamuru kama Cain. Narekebisha hoja yangu: si kuhesabu tu, ni kuhesabu mtu akiwa bado mtu. Kwenye Galactica kuna ile korido ya picha, ukuta mzima wa sura za waliopotea, mishumaa na vikaratasi. Marubani nao wana picha wanayoigusa wakienda kazini. Labda ubao na ule ukuta vilipaswa kuwa chumba kimoja.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanisumbua mimi mtu wa Raskazone, hapa Tanga.

Novemba 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika hapa. Tarehe 2 manowari ya Uingereza, Fox, iliingia bandarini kutangaza kwamba makubaliano ya kuuacha mji bila vita yamefutwa. Nyuma yake zilikuja meli zenye askari kama 8,000, wengi wao kutoka India. Wakashuka huku kwetu rasini. Gavana wa Kijerumani, Schnee, hakutaka miji ya pwani ipiganiwe, na kisheria ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ya koloni. Lettow-Vorbeck, kamanda aliyekuwa chini yake, akampuuza. Akateremsha vikosi kwa reli kutoka Moshi, wakafika wapiganaji kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na tarehe 4 wakawashinda wale 8,000 kwenye minazi na mashamba ya mpira. Nyuki walitoka mizingani wakauma pande zote mbili, ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaikumbuka. Tarehe 5 Waingereza waliondoka wakaacha bunduki, zikiwemo za rashasha, na risasi tele ufukweni.

Kwenye vitabu vya vita ni ushindi wa ajabu. Shuleni nilifundishwa hivyo na nilijivuna, kana kwamba tumeshinda sisi. Lakini Lettow akiwa na zile silaha alipigana miaka minne, akashuka mpaka Msumbiji, akapanda mpaka Rhodesia ya Kaskazini, akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 baada ya vita vya Ulaya kwisha. Majeshi yote mawili yalikula kutoka kwenye maghala ya wanavijiji na kubeba kwa mabega ya wanavijiji. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ugogo iliangukiwa na njaa ambayo wazee wameipa jina lake, Mtunya. Nikimwona Cain anachukua injini na mafundi na kuiacha meli ya raia gizani, namwona mtu aliyekuwa gizani hapa miaka zaidi ya mia iliyopita.

#6 Mzee wa Chumbageni

Kijana, uzi wako naufuatilia na unaandika kwa moyo. Lakini usimfanye Schnee kuwa Roslin. Schnee alitaka kuiokoa miji kwa sababu ilikuwa mali ya Mjerumani: bandari, reli, nyumba za utawala. Wadigo, Wabondei na Wazigua hawakumpigia kura, na hawakuulizwa kama wanataka vita au amani. Kwenye tamthilia yako wanaovutana ni rais na kamanda, wote wawili wa kabila moja la binadamu. Hapa walivutana wakoloni wawili juu ya vichwa vya wenyeji.

#7 Mwana wa Raskazone

Shikamoo mzee. Nimekusoma na umeninyoosha.

Basi tuseme hivi: kwenye vita vya hapa hakukuwa na Roslin kabisa. Watu wa huku walikuwa kwenye nafasi ya zile meli za raia zilizokutana na Pegasus. Na hilo linaelezea jambo ambalo sikuwa nimeliunganisha. Mwaka 2021, mwezi wa Aprili, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kujichunguza. Ilikiri kwamba waliokufa wakitumikia upande wa Uingereza katika vita vile wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa popote, na wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mzee, tazama pengo hilo. Kati ya 116,000 na 350,000 kuna watu 234,000 ambao hakuna ajuaye kama walikuwepo au hawakuwepo. Na huo ni upande mmoja tu wa vita. Roslin alikuwa anajua tofauti ya 47,972 na 47,973.

Nimemsomea mjomba namba hizo. Alizima runinga, tukakaa kimya. Halafu akasema Kagera wenzake anawajua wote kwa majina, akaanza kuwataja mmoja mmoja, na mimi nikanyamaza mpaka akamaliza. Leo hakubishana nami.

#8 Binti Muheza

Kaka, kwetu tunaye mmoja wa hao. Babu yake bibi alichukuliwa akiwa kijana kubeba mizigo. Bibi hakujua ni jeshi la nani lililomchukua, alisikia tu kwamba walipita watu na kamba. Hakurudi na kaburi hakuna. Lakini kila tukisoma hitma ya wazee wetu, jina lake husomwa, na ni la nne katika orodha. Orodha anayo baba mdogo kwenye daftari, na kabla yake alikuwa nayo babu kichwani.

#9 Mwana wa Raskazone

Hitma hiyo mnaisoma lini, dada?

#10 Binti Muheza

Shaabani, Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Njoo na mjomba. Aje na majina ya wenzake wa Kagera, nitamwambia baba mdogo ayaandike.